Mafunzo Yetu Tuyafanyie Wapi?

(Maneno yaliyosemwa mbele ya viongozi wa vikundi vya kujisaidia, Uriri)



Ndugu zetu Waadventista tunawashukuru kwa namna ya pekee, kwa maana ni nyinyi mliotuomba tusiuweke mkutano huu Jumamosi, nasi tukasikia.

Tumeombwa kusema juu ya jambo ambalo vikundi vingi hulimaliza kwa dakika mbili, mwisho wa mkutano, wakati watu wamekwisha kusimama na kila mtu anawaza ng'ombe wake aliyemfunga kando ya njia. Mwenyekiti anauliza, "Na semina itakuwa wapi?" Mmoja anajibu, "Si pale pale?" Wengine wanasema sawa. Katibu anaandika, sala inasomwa, tunatawanyika. Kuhusu mwalimu tulibishana mwezi mzima. Kuhusu chakula tuliunda kamati, tena kamati yenye katibu wake. Lakini mahali? Ah, mahali ni pale pale.

Hatuji hapa kuwalaumu. Sisi tunaofanya kazi ya maendeleo ya jamii katika sehemu hizi tumefanya kosa hili mara nyingi kuliko kikundi chochote kilichoko hapa. Hebu tuwasimulie moja, na mtatusamehe tusipotaja majina.

Mwaka 2016 tulitayarisha mafunzo ya siku tano kwa ajili ya waweka hazina. Tulitaka wajifunze kitabu cha fedha: pesa zilizoingia, pesa zilizotoka, mikopo, faini na salio. Tulikuwa tumepata msaada kidogo, basi tukaona tuwaheshimu wanachama. Tukakodi ukumbi wa hoteli mjini. Viti vilikuwa na vitambaa vyeupe, maji ya chupa mezani, chai mara mbili kwa siku. Sisi wenyewe tulifurahi sana. Tulipiga hata picha.

Mnajua waliokuja? Katika sehemu hizi waweka hazina wengi ni akina mama, kwa sababu vikundi vinawaamini. Lakini ukumbini tulihesabu wanaume watatu kwa kila mama mmoja. Kijana wa fulani mwenye cheti cha Fomu Foo. Bwana ya mweka hazina. Katibu badala ya mweka hazina. Kila mmoja alikuja na barua kwamba kikundi kimemteua. Hatukuuliza sana. Wenye majina kwenye barua za kwanza walikuwa wapi? Walikuwa nyumbani. Mmoja alikuwa ananyonyesha mtoto wa miezi minne. Mwingine alikuwa na ng'ombe wawili wa maziwa na hakuna mtu wa kuwakamua jioni. Mwingine bwana yake alisema mke wake halali hotelini, akamaliza. Na mmoja, tulikuja kujua baadaye, alikuwa hana nguo aliyoiona inafaa kuingia nayo mahali penye vitambaa vyeupe.

Sasa yule mama wa mtoto wa miezi minne alimtuma katibu wa kikundi. Kijana mwerevu, alijifunza vizuri, alirudi na kitabu kipya chenye safu nane. Tangu siku hiyo yeye peke yake ndiye aliyejua kukisoma. Mama mweka hazina alibaki na ufunguo wa sanduku, kijana akabaki na kitabu. Desemba ya mwaka uliofuata, siku ya kugawana akiba, sanduku na kadi za wanachama havikulingana. Pesa za karo ya Januari hazikutosha. Tuliitwa. Tukakaa na kitabu kile tangu asubuhi hadi jioni, tukaona mikopo ambayo kijana alijikopesha na kuiandika katika safu ambayo hakuna mwingine aliyeielewa. Je, alikuwa mwizi? Hata leo hatuna hakika. Labda alikusudia kulipa. Tunachojua ni kwamba hakuna mtu hata mmoja aliyeweza kumwangalia, na mtu asiyeangaliwa huanza kujiamini kupita kiasi. Kikundi kile kilivunjika.

Tulipokuwa tunaondoka yule mama alitusindikiza hadi barabarani. Hakulia wala hakupaza sauti. Alisema tu, "Lakini hoteli mlichagua nyinyi."

Ndiyo maana leo tunataka kukaa juu ya neno hili moja, mahali, na tusiliache upesi.

Tuanze na miguu. Uriri yetu si mji, ni vijiji vilivyotawanyika Kanyamkago yote. Lami inapita katikati ikitoka Kisii na Rongo, inapita Awendo, inashuka kwenda Migori na Isebania, na ukiwa kando ya lami unaona kila mahali pako karibu. Lakini mwenzako anatoka ndani, ng'ambo ya mto Oyani, au upande wa Rapogi kupitia mashamba ya miwa, na wakati wa mvua njia ni matope meusi yanayovua watu viatu. Mkisema "katikati," muulize, katikati ya nani? Mara nyingi katikati ni pale anapokaa mwenyekiti.

Tufanye hesabu kidogo, maana sisi ni watu wa vikundi na hesabu hatuiogopi. Tuseme wanachama ni 25 na boda boda ni shilingi 100 kwenda na 100 kurudi. Kwa siku moja ni shilingi 5,000. Kwa siku tatu ni 15,000. Sasa mkitafuta mahali ambapo watu 15 wanaweza kufika kwa miguu, wanaobaki kupanda ni 10. Hao kwa siku tatu ni shilingi 6,000. Mmeokoa 9,000 bila kumwomba mfadhili yeyote. Tena mtu aliyetembea kwa miguu yake anafika hata siku ile nauli imekosekana. Yule wa boda boda siku ya pili anaanza kuuliza kama kuna "kitu kidogo cha usafiri," na siku ya tatu, ukimwambia hakuna, humwoni.

Kwa nini tunasema hivi kwa ukali? Kwa sababu tumeona semina za mjini ambazo watu huenda kwa ajili ya posho. Wapo watu tunaowajua, na wao wanajijua, ambao wamehudhuria mafunzo ya kuku, ya nyuki, ya samaki wa bwawa, ya ukimwi, ya uongozi, ya bayogesi, na nyumbani kwao hakuna hata kuku mmoja. Kalamu wanazo nyingi.

Sasa mtasema, basi tuyafanyie nyumbani kwa mwanachama. Ni karibu, hakuna kodi, kuna kivuli, mwenyeji atatupikia nyoyo. Hivyo ndivyo na sisi tulivyofikiri baada ya aibu ile ya hoteli. Tukarudia mafunzo ya kitabu cha fedha, safari hii katika boma la mama mmoja mwenye mwembe mkubwa. Watu walikuja wengi. Lakini siku ya kwanza tuliona mama mmoja amesimama nje ya ua, upande wa lango, amejifunga leso. Tukadhani ni mpita njia. Siku ya pili alikuwa pale pale, na mkononi ana daftari. Tulimwita aingie, akatabasamu, hakuingia. Mwenyeji wetu akatuvuta kando akatueleza kwa sauti ya chini. Mama yule alikuwa amefiwa na mumewe, na mambo ya kimila yalikuwa bado hayajamalizwa. Kwa desturi ya Wajaluo mjane wa namna hiyo haingii katika boma la watu wengine. Akiingia, wenye boma wanahofia chira, na ugonjwa wowote utakaofuata utahesabiwa kuwa ni wake.

Wapendwa, mnajua msimamo wa Kanisa juu ya hofu hizi, na wengi wetu tumezungumza nao wajane hao mmoja mmoja. Lakini mafunzo ya hesabu si mahali pa kumlazimisha mtu apigane na ukoo wake mbele ya majirani. Mama yule alikuwa mwuza omena. Alikuwa akitoa mzigo ziwani na kuuza rejareja huku kwetu, na hesabu ya debe, gorogoro na kikombe aliijua kichwani kuliko sisi tuliokuwa tunafundisha. Ndiye aliyestahili kuwa mbele. Sisi tulimweka nje ya ua kwa siku mbili kwa sababu hatukuuliza swali moja tu: ni nani asiyeweza kuingia hapa?

Siku ya tatu tulihamisha karatasi zetu tukaenda chini ya mti ulio karibu na shule, mahali ambapo si pa mtu. Alikuja, akaketi.

Swali hilo lina matawi mengi. Mkwe na mama mkwe wakiwekwa katika chumba kimoja kidogo, goti kwa goti, mmoja hatasema neno mpaka jioni, kwa heshima. Mahali pawe na nafasi ya watu kuketi mbalimbali bila kuonekana wametengana. Halafu mkichagua boma la mtu, je, boma hilo halina kesi ya shamba na mwanachama mwingine? Je, yule mama mwenyeji hatakuwa jikoni siku zote tatu akipika, huku wengine wanajifunza? Tumeona hivyo si mara moja. Mwenyeji ndiye anayetoka bila kujua chochote, ila idadi ya sahani.

Na je, mahali penyewe pana jina gani masikioni mwa watu? Ukumbi wa parokia ni mzuri, uko wazi, nasi tunaupenda kwa sababu ni wetu. Lakini kwa ndugu zetu wa Legio Maria, ambao wazee wao walitengana na Kanisa letu mwanzoni mwa miaka ya 1960 na ambao kituo chao kikubwa cha Got Kwer kiko papa hapa Migori, kuingia katika ukumbi wa padri si jambo jepesi. Waadventista nao wako katika Nyanza hii ya kusini tangu misheni ya Gendia ilipoanzishwa mwaka 1906, wana makanisa yao na kumbi zao. Kama kikundi ni cha Wakatoliki watupu, sawa, ukumbi wa parokia. Kama kikundi ni cha kijiji, waulizeni kwanza, na muwaulize faraghani, maana mbele ya padri au mbele yetu sisi kila mtu atasema "hakuna shida."

Kambi ya chifu? Wengine wanaiona ni ofisi ya serikali tu. Lakini mama aliyewahi kukamatwa kwa chang'aa hatakuja kujifunza biashara nyingine mahali alipolazwa chini, na ni yeye tunayetaka ajifunze biashara nyingine. Nyumba ya mheshimiwa, hata akitoa hema na viti na soda, tunasema hapana, na hapa hatutaki majadiliano marefu. Ukila soda yake mwaka wa kura, umeshahesabiwa.

Tukitoka kwa watu, tuje kwa mvua. Sisi ni watu wa karibu na ziwa. Asubuhi jua, saa tisa mawingu, saa kumi radi. Wakati wa mvua za Machi mpaka Mei hali ni hiyo karibu kila siku, na mvua za mwisho wa mwaka nazo hazina adabu. Darasa la mabati bila dari, mvua ikianza, hata mwalimu mwenye sauti ya tarumbeta anaweza kufunga kitabu. Chini ya mti ni hatari zaidi. Kisii na sehemu zetu hizi ni maarufu kwa radi zinazoua, nanyi mmezika watu. Mti ni mzuri asubuhi. Wingu likionekana watu waondoke chini yake, na waondoke kwenda mahali palipokwisha kujulikana. Kwa hivyo ukichagua mti, chagua mti ulio karibu na nyumba imara. Nasi tunapendelea saa nne hadi saa nane. Mama amekwisha kuteka maji na kulima kidogo, na anarudi kabla ya mvua na kabla ya watoto kutoka shuleni.

Watoto wadogo je? Hapa tunataka kusimama kidogo, kwa sababu jambo hili si geni kama watu wanavyofikiri. Mwaka 1925 ilifunguliwa Kabete shule iliyoitwa Jeanes, ya kuwafundisha walimu waliokuwa wasimamie shule za vijijini. Walimu wale hawakwenda peke yao. Walikwenda na wake zao na watoto, wakapewa nyumba ndogo ndogo za kukaa, na wake nao wakafundishwa. Ilikuwa zama za ukoloni, na mengi ya zama hizo hatuyasifu, lakini hilo waliliona: ukimfundisha mtu mzima, nyumba yake iko nyuma yake. Nchini Tanzania vyuo vya maendeleo ya wananchi vilianza mwaka 1975, kwa kuiga vyuo vya wananchi vya Sweden, na siku hizi baadhi yake vina chekechea ndani ili mama kijana aweze kusoma. Sisi hatuna uwezo wa kujenga nyumba wala chekechea. Lakini tunaweza kuchagua mahali penye chumba cha pili, au kivuli cha pili, ambapo nyanya wawili watakaa na watoto, na mama akisikia kilio chake anakwenda na kurudi. Kivuli cha pili hicho kingekuwapo mwaka ule, yule mama wa mtoto wa miezi minne angekijua kitabu chake.

Jambo jingine ni hili: kitu chenyewe kiko wapi? Kama mnataka kujifunza kuku, nendeni kwenye kuku. Tumewahi kukaa siku nzima katika ukumbi tukitazama picha ya mzinga wa nyuki, na jirani wa ukumbi ule alikuwa na mizinga sita. Mwaka 1989 nchini Indonesia wakulima wa mpunga walianza kujifunza kwa kukutana shambani kila wiki, wakiangalia wadudu kwa macho yao. Njia hiyo ikaja Kenya katika miaka ya 1990, na mwishoni mwa miaka hiyo ilienea Busia, Bungoma na Kakamega. Ikaitwa shule ya wakulima shambani. Darasa ni shamba. Mmea wenyewe ukiumwa mbele yenu, hakuna haja ya kuchora ubaoni. Ila shamba hilo liwe kando ya njia, watu wote walione, wala lisiwe la mkulima aliye bora kupita wote, kwa maana watu watasema, "Yeye ana mbolea na trekta, sisi tuna nini?" Lichukueni shamba la mtu wa kawaida.

Cherehani nazo zina mambo yao. Zinahitaji mwanga wa kutosha mezani na sakafu isiyoyumba. Kompyuta zinahitaji umeme, na hapo shule ya msingi inaweza kuwasaidia, kwa sababu kati ya mwaka 2013 na 2016 shule nyingi za umma ziliunganishwa na umeme ule wa mpango wa vipakatalishi. Mafunzo ya pesa za simu yasifanywe bondeni mahali ambapo mtandao unatafutwa kwa kupanda kichuguu.

Kuna wenye kusema kwamba mafunzo ya kweli ni yale ya ukumbi mkubwa na kwamba chini ya mti ni mchezo. Hao tunawakumbusha Tanzania ya mwaka 1973. Kulikuwa na kampeni iliyoitwa Mtu ni Afya. Watu karibu milioni 2 walijifunza juu ya malaria, kuhara na vyoo, kwa wiki 12, na hawakuitwa Dar es Salaam wala Dodoma. Walikaa vikundi vikundi katika vijiji vyao, redio moja katikati, kiongozi aliyefundishwa, kijitabu mkononi. Redio inasema, kisha watu wanazungumza, kisha wanakwenda kuchimba. Vyoo vingi sana vilichimbwa, kwa sababu darasa na mahali pa kuchimba vilikuwa hatua chache.

Na hata ndani ya Kanisa letu hapa Kenya, mwaka 1974 walikuja akina mama wawili, Anne Hope na Sally Timmel, wakaanza mafunzo ya viongozi yaliyojulikana kwa jina la DELTA, wakitumia mafundisho ya Paulo Freire wa Brazil. Kitabu chao kilitoka mwaka 1984, kikachapwa na Mambo Press ya Gweru, Zimbabwe. Wengi wetu tulilelewa na njia hiyo bila kujua ilikotoka. Jambo la kwanza uliloliona ukiingia katika mafunzo yale ni viti. Vilikuwa duara. Hakuna wa nyuma. Basi ukienda kukagua mahali, usitazame dari, shika kiti. Kama madawati yamefungwa sakafuni yakiangalia ubao, mahali hapo pamekwisha kuamua ni nani atasema na ni nani atasikiliza. Katika kanisa lenye benchi nzito ni hivyo hivyo. Nyasi ni bora, mradi wazee wapate kitu cha kukalia.

Choo, maji ya kunawa, mahali pa kupikia: haya mnayajua, hatutawachosha. Tunaongeza moja tu, kwamba choo kiwe na mlango unaofungika. Tumeona akina mama wakikataa kunywa chai siku nzima, tukadhani wamefunga.

Msielewe kwamba tunachukia mji. Kuna nyakati ambapo kwenda mbali ndiyo dawa. Kama viongozi wenu wanagombana, watoeni kijijini siku mbili, walale mahali ambapo hakuna mtu wa kuwanong'oneza jioni. Kama mnataka kuona ng'ombe wa maziwa wanaotunzwa vizuri au bwawa la samaki lenye samaki, nendeni chuo cha wakulima kilichoko Miyare hapa Migori, au popote penye kitu hicho. Mtu wa Homa Bay aende kwa wenzake wa Homa Bay. Safari ya kuona ni jambo jema, ila muamue kwanza: tunakwenda kuona, au tunakwenda kulala hotelini? Na jina la mweka hazina likiandikwa kwenye barua, awe ni yeye anayepanda gari. Asipoweza, msitume mwingine kabla ya kumwuliza kwa nini hawezi.

Sasa tuje kwa shughuli iliyotuleta. Mafunzo ya kitabu cha fedha yatarudiwa mwezi wa Agosti, shule zikiwa zimefungwa, na nyinyi ndio mtakaochagua mahali. Tunajua tayari mna mawazo matatu: ukumbi wa parokia, shule ya msingi, na ile nyumba ya mikutano kule sokoni ambayo mwenyewe ameahidi kuwapunguzia kodi. Hatutapiga kura leo. Kura ya haraka huwa ni kura ya walio karibu.

Tutafanya hivi. Mtaona pale nje tumefagia uwanja. Tutachora ramani chini kwa vijiti: lami, mto Oyani, njia za ndani, shule, makanisa yote, soko. Kisha kila mwanachama ataweka punje ya mahindi pale anapokaa. Akina mama wenye watoto wanaonyonya wataweka maharagwe, na wazee wa fimbo wataweka njugu. Wasiokuja leo, majirani zao wawawekee. Tutaona punje zimekaa wapi. Mwenyekiti tafadhali asishike kijiti.

Halafu kila kikundi kimchague mtu mmoja, mwanamke, azungumze polepole nyumbani kwa watu na aulize lile swali letu: ni wapi kati ya mahali hapa patatu ambapo wewe huwezi kuingia? Asiandike majina. Arudi na hesabu tu.

Na Jumanne wiki ijayo tutatembea. Mama yetu mmoja wa ng'ambo ya mto, ambaye katika vikundi vyote ndiye mkubwa kwa umri, amekubali kutuongoza. Tutaanza mlangoni pake saa mbili asubuhi na kwenda kwa mwendo wake yeye, si mwendo wetu, mpaka shuleni, kisha parokia, kisha sokoni, tukiangalia saa kila tunapofika. Mwenye saa ya mkononi aje nayo. Viatu viwe vya matope, maana jana mvua imenyesha upande ule.

Karibuni uwanjani. Mahindi yako katika ile gorogoro karibu na mlango.